Mbwa Ahesabiwe Pamoja na Mbuzi

Mwenye shamba dogo katika Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu Makobola na Swima hadi Mboko, Lweba na Baraka, akiulizwa ana mifugo gani, hutaja mbuzi, kuku, bata, pengine nguruwe. Mbwa wawili waliolala chini ya mwembe hawamo katika hesabu. Wanajitafutia chakula wenyewe, wanazaa wapendavyo, wakiugua wanaugua kimya, na siku ya kuchinja wanatupiwa matumbo. Hoja yangu ni kwamba katika shamba la Fizi lenye mbuzi watano hadi kumi na watano, mbwa ni sehemu ya zizi. Asipohesabiwa hivyo, atakula faida ya zizi hilo polepole, hata kama hajawahi kumgusa mbuzi kwa meno. Akihesabiwa, yaani akalishwa, akachanjwa na kulelewa kwa kazi hiyo tangu utotoni, hakuna mlinzi wa bei nafuu kumpita.

Lakini tuanze na mbuzi, maana kuna watu wanaodhani tatizo la ufugaji wetu ni udogo wa mbuzi wenyewe. Mbuzi wa kienyeji wa Kivu ni mdogo kweli: jike aliyekomaa mara nyingi hapiti kilo 30, na wale wafupi wa misitu ya Kongo ni wepesi zaidi. Miradi mingi imekuja na beberu wakubwa wa kigeni, na picha zao zinapendeza. Ila mbuzi hula kwa siku chakula kikavu cha asilimia tatu hadi nne ya uzito wake. Jike wa kilo 20 anatosheka na kilo tatu hivi za majani mabichi, mzigo ambao mtoto anaweza kuuleta baada ya shule. Jike wa kigeni wa kilo 60 anataka mara tatu ya hapo, na anataka majani mazuri. Katika parseli za Baraka, au kwenye vijishamba vilivyobanwa kati ya barabara ya Uvira na mlima, majani hayo yatatoka wapi wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti? Mbuzi wetu mdogo anabeba mimba miezi mitano, anazaa mapacha mara nyingi, na akitunzwa vizuri anaweza kuzaa mara tatu katika miaka miwili. Mbuzi wafupi wa Afrika ya Magharibi na Kati wanajulikana pia kwa kuvumilia nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kuliko hao wageni. Nyama ya mmoja ni kidogo, sawa. Lakini karo ya shule, dawa za hospitali na chakula cha msiba havidai kilo 60 kwa siku moja, vinadai mnyama mmoja anayeuzika leo jioni.

Udogo una faida nyingine ambayo watu wa Fizi hawahitaji kufundishwa. Vita vya 1996 na 1998 viliwavusha maelfu ziwa hadi Tanzania, wengi wao wakaishia kambi ya Nyarugusu, na waliorudi walianza upya bila mnyama hata mmoja. Mali iliyokaa mahali pamoja huibwa yote kwa siku moja. Mbuzi wadogo wanaweza kugawanywa: wawili kwa shemeji kule Sebele, watatu kwa mjomba kule mlimani, wengine nyumbani, kwa mapatano kwamba anayemtunza atapata mtoto mmoja katika kila uzao wa pili au wa tatu. Desturi hii ni bima bora kuliko nyingi zinazouzwa mjini, na inafaa iandikwe kwenye daftari mbele ya mashahidi, kwa sababu undugu mwingi umevunjwa na beberu asiyejulikana ni wa nani.

Kinachomaliza mbuzi hawa kwa wingi ni ugonjwa, na wa kwanza kuogopwa ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Homa kali, makamasi mazito, vidonda mdomoni, kikohozi, kuharisha, na katika wiki moja hivi zizi linakuwa tupu. Tanzania iliuthibitisha ugonjwa huu mwaka 2008. Mwaka 2012 FAO ilionya kwamba makumi ya maelfu ya mbuzi yalikuwa yamekufa Kongo. Burundi, ng'ambo tu ya Ruzizi, ilipigwa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, na mbuzi waliosafirishwa ili kugawiwa familia maskini walihusika katika kuusambaza. Hilo lina funzo: mbuzi wa bure anaweza kuwa ghali kuliko wote. Mnyama yeyote mpya, awe wa mradi, wa mahari au wa sokoni, akae peke yake siku 21 kabla ya kuchanganywa na wengine. Chanjo ya sotoka ikidungwa mara moja hukinga miaka mitatu au zaidi. Shida ni kwamba inadai ubaridi tangu ghalani hadi shambani, ndiyo maana inafaa wafugaji wa kijiji kizima wakubaliane siku moja na veterineri, chupa ifunguliwe na kwisha hapo hapo.

Kuhusu kibanda sitasema mengi, kwa kuwa wengi wanajua: sakafu ya fito iliyoinuliwa ili mavi yaanguke chini na kwato zisioze wakati wa mvua, mita moja ya mraba kwa mbuzi mkubwa, paa lisilovuja, mbolea ikusanywe iende kwenye mihogo. Kibanda kisiwekwe bondeni karibu na maji. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia katika makazi ya Uvira, Fizi na Kalemie, kila mtu aliona maji yanaweza kufika wapi. Maganda ya mihogo michungu yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa kabla ya kupewa mbuzi, kwa sababu yana sumu yakiwa mabichi. Majani ya lukina ni mazuri yakiwa theluthi moja ya chakula, yakizidi yanadhuru. Na beberu abadilishwe kila baada ya miaka miwili, kwa kubadilishana na kijiji cha mbali kidogo, asije akapanda binti zake.

Sasa mbwa. Mbwa wa kijiji katika Kongo ya misitu ni mnyama mwenye sifa zake: mwepesi, kilo kumi hivi, masikio yamesimama, mkia mara nyingi umejikunja mgongoni, hodari wa kunusa, na wengine hawabweki kama mbwa wa Ulaya bali hutoa sauti ya kuimba. Wazungu waliwapenda mapema. Walipeleka wachache Uingereza mwaka 1895 wakafa kwa distempa, wakajaribu tena, na mwaka 1937 mbwa hao walionyeshwa London kwa jina la basenji mpaka umati ukajaa kuwatazama. Kilichofuata ni cha kutuzindua. Kwa kuzalisha ndani ya kundi dogo lililofungwa, walijikuta na ugonjwa wa figo uliosambaa katika ukoo mzima, hata wafugaji wa Marekani wakarudi Zaire mwaka 1987 na 1988 kutafuta damu mpya vijijini, na chama chao cha mbwa kikawafungulia wageni hao daftari la ukoo mwaka 1990. Mbwa tunayemfukuza kwa mawe ndiye aliyefuatwa na watu kwa ndege ili awaponye mbwa wao wa thamani. Basi asije mtu akatuambia kwamba ulinzi wa mbuzi unahitaji mbwa aliyeagizwa kutoka ng'ambo.

Ushahidi wa kazi upo pia. Wanavajo wa Arizona, kule Marekani, wanalinda kondoo na mbuzi kwa mbwa wa mchanganyiko, wadogo kwa umbo, wasio na ukoo wowote wa sifa, na watafiti waliowaandika katika miaka ya 1980 waliona kwamba siri yote ni malezi: mtoto wa mbwa anaingizwa zizini akiwa na wiki nne au tano, analala humo, analishwa humo, na hapewi nafasi ya kuwa mchezo wa watoto. Huko Botswana, ambako mbuzi wanaliwa na duma, chui na mbweha, mbwa wa kienyeji waliolelewa hivyo wameonekana kufanya kazi bila kupitwa na mbwa wa koo za kigeni, tena kwa gharama ndogo. Adui wa mbuzi wa Fizi si duma. Ni mwizi wa usiku, ni mondo na chatu wanaochukua watoto wa mbuzi, na ni kundi la mbwa wa mtaani wasio na mwenyewe. Dhidi ya hao wote, kazi ya mbwa si kupigana. Ni kuamka kabla yako.

Hapo wasomaji wengi watacheka: mbwa wetu ni wawindaji, na mwindaji ukimfungia na mbuzi umemtayarishia karamu. Pingamizi hili ni la haki kwa mbwa mkubwa. Mbwa aliyezoea kukimbiza ndezi na swala wadogo usimpeleke zizini kabisa, na aliyewahi kuua mtoto wa mbuzi aondolewe bila huruma, kwa sababu atarudia. Lakini akili ya mtoto wa mbwa iko wazi kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi, na anachokiona kila siku katika muda huo anakichukua kuwa jamii yake. Mwingize akiwa na wiki tano hadi nane, awe na kona yake yenye uzio mdogo ambayo mbuzi hawafiki lakini wanaonana na kunusana. Mlishe hapo. Mbuzi majike wenye watoto watampiga vichwa akivuka mpaka, na pembe hizo zinafundisha kuliko fimbo yako. Kati ya miezi minne na mwaka mmoja ataingiwa na utundu wa kukimbiza na kuvuta masikio, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Afungwe kamba mchana akiwa karibu na kundi, akemewe pale pale anapokimbiza, asiachwe peke yake na watoto wachanga wa mbuzi. Usimwamini kabla hajatimiza mwaka na nusu. Dume akihasiwa na mtu anayejua kazi hiyo, hatazurura kutafuta majike, na mbwa anayezurura hana zizi.

Na kama habweki? Wawindaji wa misitu ya Kongo walilimaliza suala hilo zamani. Mbwa hufungwa kengele ya mti shingoni au kiunoni ili bwana wake ajue yuko wapi kichakani. Kengele hiyo hiyo inafaa zizini. Mbwa akilala iko kimya, akisimama ghafla saa nane za usiku inagonga, na masikio ya mwenye nyumba huizoea upesi. Wala ukimya wa mbwa si kasoro tupu. Katika nchi ambayo watu wamewahi kulala porini kwa wiki nzima wakisikilizia, mbwa asiyepiga kelele ana heshima yake.

Sasa nafika kwenye jambo linalonifanya niseme mbwa asiyehesabiwa anakula faida. Mbuzi akichinjwa, mara nyingi kuna malengelenge yenye maji ndani ya tumbo, kwenye ini, mapafu au hata ubongo. Hayo si mafuta wala si takataka, ni watoto wa minyoo ya tegu. Mbwa akitupiwa mabichi, yanakua matumboni mwake kuwa minyoo kamili, na mayai yake yanatoka katika mavi, yanasambaa kwenye majani, mbuzi anayala. Duara limefungwa. Aina mojawapo inapanda kwenye ubongo wa mbuzi na kumfanya azunguke upande mmoja, ainamishe kichwa, agonge miti, mwisho afe. Wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wanaujua sana ugonjwa huu wa kizunguzungu, na wengi waliouona hapa kwetu wameudhania uchawi. Aina nyingine inamfuata binadamu mwenyewe na kumwotesha vifuko vya maji ndani ya ini au mapafu, vinavyokua miaka mingi mpaka vinahitaji upasuaji. Turukana, kaskazini ya Kenya, ni kati ya mahali duniani palipoumizwa zaidi na ugonjwa huo, kwa sababu mbwa na watu wanaishi karibu mno, na shirika la AMREF lilipoanza kuupiga vita katika miaka ya 1980 halikuishia kwa wagonjwa, liliwafuata mbwa.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya shamba lenye mbuzi na mbwa ni ya siku ya kuchinja: hakuna utumbo, ini, pafu wala kichwa kibichi kinachomfikia mbwa. Vichemshwe nusu saa mpaka viive hadi ndani, au vizikwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Hilo halina gharama zaidi ya kuni. Kwenye msiba au harusi, ambako wanachinjwa wengi na hakuna anayesimamia, ateuliwe mtu mzima mmoja wa kazi hiyo tu, asiachiwe watoto. Sheria ya pili ni dawa. Minyoo ya tegu ya mbwa inatibiwa na prazikwanteli, dawa ile ile ambayo watoto wa mwambao hupewa shuleni kwa ajili ya kichocho. Sisemi watu wakachukue za shuleni, hizo ni za watoto. Wala msikadirie kipimo kwa macho, kwa sababu mbwa wa kilo kumi anahitaji sehemu ndogo tu ya kidonge cha mtu. Veterineri apime, mbwa apewe kila miezi mitatu, na afungwe siku mbili baada ya dawa ili mavi yake yazikwe.

Kichaa cha mbwa nacho hakisamehe. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani wameupata kwa mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Lakini kinazuilika: asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia. Kisiwa cha Pemba kimeonyesha hivyo kwa vitendo. Waliumaliza mwaka 2014, uliingia tena 2016 baada ya uchanjaji kulegea, wakachanja upya, ukaisha 2018. Mtu atasema Pemba ni kisiwa na sisi hatuna hata friji. Kuna habari njema: utafiti uliofanyika Tanzania ulionyesha kwamba chanjo moja ya kichaa cha mbwa iliyowekwa miezi sita kwenye joto la nyuzi 25, au miezi mitatu kwenye nyuzi 30, bado iliwakinga mbwa kama ile iliyokaa kwenye ubaridi. Veterineri anayepanda kwa pikipiki kwenda Fizi au Lulimba anaweza kuibeba, mradi ajue ni ya aina hiyo na isipigwe na jua. Mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Na yeyote aliyeng'atwa, hata na mbwa wa nyumbani, aoshe jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, ndipo aende hospitali. Asianze kwa mganga wala kwa mafuta ya moto.

Chakula je? Familia yenyewe hailali imeshiba, mbwa atakula nini? Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na wanaolidharau hawajapika kwa ajili ya watu tisa. Jibu langu ni kuhesabu. Mbwa wa kilo kumi anaishi kwa ukoko wa bugali, mchuzi, vichwa na vumbi la ndagala lililobaki kwenye mkeka, na siku ya kuchinja anapata utumbo uliochemshwa. Wawili wanatosha kwa zizi moja, watano ni ubadhirifu. Mtu asiyeweza kulisha mmoja asifuge hata huyo, kwa sababu mbwa mwenye njaa ndiye anayefukua, anayeiba mayai na mwisho anayemtazama mtoto wa mbuzi kwa jicho jingine.

Waislamu wa Baraka wana swali lao, na lina heshima yake. Mate ya mbwa ni najisi katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa Afrika ya Mashariki, lakini mafundisho yenyewe yanaruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Mbwa anayelala zizini, mwenye bakuli lake lisiloingia jikoni, anafuata mpaka huo vizuri kuliko mbwa anayezagaa mlangoni. Hata kwa wasio Waislamu mpaka huo ni afya tupu.

Yapo mambo ambayo mbwa hayawezi. Dhidi ya wenye bunduki hana kazi, na mwenye zizi asimtume kwa watu hao, maana risasi haitaishia kwa mbwa. Wala mbwa mmoja asipewe kazi mbili. Kuna wanaotaka alinde usiku na awinde Jumamosi, lakini mafunzo ya kutokukimbiza yanavunjwa na furaha ya kukimbiza. Atakayewinda awe mwingine, na mwenye mbwa huyo ajue kwamba sehemu kubwa za msitu wa Itombwe ni hifadhi tangu 2006, na kuna wanyama ambao sheria haimruhusu kuwagusa popote.

Kwa vyama vya wafugaji na miradi inayogawa mbuzi kwa mtindo wa kupitisha mtoto wa kwanza kwa jirani, ninapendekeza badiliko dogo. Mwaka ambao jike wa mbwa wa zizi amezaa, jirani anayepokea mbuzi apokee pia mtoto mmoja wa mbwa mwenye wiki sita, aliyezaliwa katikati ya harufu ya mbuzi. Wapelekwe siku moja. Katika daftari, chini ya rangi ya mbuzi na tarehe ya chanjo ya sotoka, iandikwe rangi ya mbwa, tarehe aliyopewa dawa ya tegu, na mwezi ambao atafikisha umri wa kuchanjwa kichaa.